Barua ya Malindi, deni la Florida

Barua yenyewe ni karatasi moja. Imekunjwa mara tatu na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa aina ile ya kuhifadhia vyeti, na mikunjo yake imeanza kuchanika. Mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Langoni hapa Lamu, aliyepika katika hoteli moja ya Malindi tangu 1998 hadi Machi 2009. Barazani sote twamwita Ami, hata tusio na udugu naye. Barua hiyo ndiyo iliyomwachisha kazi. Nimeiona ikitolewa mara tatu au nne katika miaka hii yote, na kila mara msomaji husoma aya moja tu, ile ya pili, inayosema kwamba kutokana na hali ya uchumi duniani hoteli imelazimika kupunguza wafanyakazi.

Kisa ninachokichambua kilianza usiku wa Jumatano, 26 Juni 2024, baada ya sala ya isha. Jioni ile Rais William Ruto alikuwa ametangaza kwamba hatatia sahihi Mswada wa Fedha wa 2024. Siku moja kabla, wabunge walikuwa wameupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia Bungeni, risasi zikalia, watu wakafa. Mtoto wa kakake Ami, anayesoma chuo kikuu Nairobi, alikuwa amekuja nyumbani kwa Idi ya Mfungo Tatu na hakuwa amerudi. Tangu jana yake alikuwa hatui simu, intaneti ikikatika na kurudi, naye akitusomea kila kipya kilichoingia.

"Tumeshinda," alisema kijana.

Ami hakumjibu mara moja. Alikunywa kahawa yake mpaka kwenye machicha, akamrudishia kikombe muuza kahawa, dele likiwa chini na makaa bado mekundu. Kisha akauliza, "Mumeshinda nini, baba? Mswada umekwenda. Deni je, limekwenda nalo?"

Swali lilikuwa la haki. Deni la umma la Kenya wakati ule lilikuwa limepita shilingi trilioni 10, na mswada ule ulikuwa umetungwa kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi za kodi, sehemu kubwa kwa sababu ya deni hilo.

"Ami, deni hatukukopa sisi."

"Na mimi nalikopa? Mimi nalikuwa Malindi napika. Mtu wa Florida akanunua nyumba asiyoiweza, akashindwa kuilipia, mimi nikaletewa barua. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hulipa jirani." Akautoa mfuko wa plastiki.

Hapo ndipo mjadala ulipoacha Nairobi ukaenda Marekani, na ukakaa huko siku tatu. Ami alishikilia kwamba wa kulaumiwa kwa msukosuko wa fedha wa 2008 ni waliokopa bila uwezo, na nyuma yao ni riba, ambayo ndiyo mzizi wa yote. Kijana alisema ni mabenki, na kwamba waliolala kwenye bustani ya New York mwaka 2011 kuyapinga mabenki walikuwa sawa kabisa. Jirani yetu mwenye duka alisema wote wawili wamekosea: serikali ya Marekani ndiyo iliyowasukuma wakopeshaji wakopeshe maskini ili wanasiasa wapate kura. Mimi, kwa kuwa nafundisha somo la biashara, niliambiwa, "Mwalimu, kata shauri." Nilijibu haraka usiku ule, na sikuridhika na jibu langu. Ndiyo sababu ya kuandika.

Nianze na njia yenyewe, kwa sababu Ami alikuwa amepata kitu ambacho wengi hawakipati: kwamba kweli kuna njia kutoka nyumba ya Florida hadi jiko la Malindi. Kinachobishaniwa ni walioisimamia.

Hapa Lamu tunaujua mti wa mikoko. Miti hukatwa, hupangwa kwa unene, fito mbali, pau mbali, mazio, boriti, nguzo, kisha hufungwa kwa korja, miti ishirini kila korja. Mnunuzi wa mbali hafungui kila korja. Huamini jina: ameambiwa boriti, analipa bei ya boriti. Sasa fikiria mtu anayefunga korja na ndani ametia miti iliyoliwa na dudu. Fikiria anayeikagua na kuipa jina analipwa na huyohuyo anayeuza, na akikataa kuiita boriti, muuzaji atakwenda kwa mkaguzi wa pili mtaa wa juu. Hivyo ndivyo mikopo ya nyumba ya Marekani ilivyouzwa. Benki au dalali alimkopesha mtu, kisha akaliuza deni lile. Madeni maelfu yalifungwa pamoja yakawa hati fungani, yaani karatasi za deni za kuuzwa, na makampuni ya kupima ubora wa mikopo, Moody's, Standard & Poor's na Fitch, yaliyokuwa yakilipwa na wauzaji, yakazipa sehemu kubwa ya hati hizo alama ya juu kabisa. Zile sehemu dhaifu zilizobaki hazikutupwa. Zilikusanywa kutoka korja nyingi, zikafungwa korja mpya, na nyingi katika hizo korja mpya zikapata tena alama ya juu. Mti ulioliwa na dudu ulikuwa umebatizwa mara mbili.

Juu ya hapo kukawa na bima. Si bima ya jahazi lako, ambayo ina maana, bali mtu aliruhusiwa kukata bima ya jahazi la mwenzake na kukaa pwani akingoja lizame. Kampuni ya bima ya AIG iliuza ahadi za namna hiyo bila kuweka akiba ya kuzilipa, na sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ilikuwa imeziacha ahadi hizo nje ya usimamizi.

Kuhusu mkopaji, Ami hakukosea yote. Walikuwapo waliosema uongo kuhusu mapato yao. Lakini mikopo mingi ilitengenezwa hivi: miaka miwili ya kwanza riba ndogo, kisha riba inapanda. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeshusha riba yake hadi asilimia 1 mwaka 2003, na kufikia katikati ya 2006 ilikuwa imeipandisha hadi asilimia 5.25. Bei ya nyumba ilipoacha kupanda, mwenye nyumba hakuweza kulipa wala hakuweza kuuza. Dalali aliyemwandikia mkopo alikuwa ameshapata ujira wake siku ya kwanza. Hakuwa na sababu ya kujali mwaka wa tatu.

Kisha kukawa na Septemba 2008. Tarehe 7 serikali ilichukua Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili makubwa ya mikopo ya nyumba. Tarehe 15 Lehman Brothers, benki iliyoanzishwa 1850, ikatangaza kufilisika ikiwa na mali ya zaidi ya dola bilioni 600, karibu yote kwa fedha za kukopa. Mtaji wake wenyewe ulikuwa kama dola 1 kwa kila dola 30 za mali, maana yake mali ikishuka thamani kidogo tu, mtaji umekwisha. Siku iliyofuata AIG ikaokolewa kwa dola bilioni 85. Tarehe 3 Oktoba Rais George W. Bush akatia sahihi sheria ya kutenga dola bilioni 700. Benki za Ulaya zilizonunua korja zile zikaacha kuaminiana, mikopo ikakauka, watu wa Milano na London wakafuta safari. Malindi, ambako Waitaliano ndio waliojenga sehemu kubwa ya biashara ya utalii, ilisikia.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye ile aya ya pili ya barua, kwa sababu hapa ndipo mjadala wetu ulipopita haraka. Hoteli ya Ami haikuanza kuwa tupu mwaka 2009. Ilianza Januari 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007. Wageni waliokuja Kenya walishuka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 2007 hadi takriban milioni 1.2 mwaka 2008. Ami mwenyewe anakumbuka Februari ile: meza arobaini zimetandikwa, wageni sita. Msukosuko wa Marekani ulimkuta mgonjwa aliyekwisha lala. Lakini barua haikutaja uchaguzi, wala wanasiasa wa Kenya, wala uamuzi wowote wa wenye hoteli. Ilitaja dunia. Mwenye kuandika barua ya namna ile huchagua mkosaji, na mara nyingi humchagua aliye mbali kabisa, asiyeweza kuitwa akajibu. Serikali zetu nazo hufanya vivyo hivyo: deni likitajwa, tunaambiwa Korona, tunaambiwa vita vya Ukraine, tunaambiwa serikali iliyopita. Kila moja ina ukweli ndani yake. Ndiyo maana kila moja huwafaa wakubwa kuwazibia watu midomo.

Usiku wa pili jirani mwenye duka alikuja na hoja yake ikiwa imekomaa. Alisema Bunge la Marekani ndilo lililotaka kila mtu awe na nyumba, na mashirika yale mawili ya serikali yakawekewa viwango vya kununua mikopo ya watu wa kipato cha chini. Hakujua kwamba hoja yake ilikuwa imewahi kusemwa na wakubwa. Michael Bloomberg, akiwa meya wa New York, aliisema hadharani Novemba 2011, siku ambazo waandamanaji walikuwa bado kwenye bustani: si mabenki, ni Bunge. Na Peter Wallison aliiandika kirefu.

Wallison alikuwa mmoja wa watu kumi wa tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza chanzo cha msukosuko, chini ya mwenyekiti Phil Angelides. Tume ilihoji zaidi ya mashahidi 700 na ikatoa ripoti Januari 2011. Sita wakasema: msukosuko ungeweza kuzuilika, kulikuwa na usimamizi uliolala, wakubwa wa mabenki waliojitia hatarini bila kujali, na uvunjaji wa maadili katika kila pingili ya mnyororo. Watatu wakaandika la kwao, wakisema sababu zilikuwa nyingi na za dunia nzima. Wallison akabaki peke yake na la kwake: sera ya serikali ya nyumba. Kijana alipotusomea hayo, baraza lote likacheka kwa furaha, maana watu kumi wenye ofisi na mawakili walikuwa wametoka na maandishi matatu, na sisi tulikuwa na matatu yetu bila ofisi.

Lakini kuwa na rai tatu hakuna maana kwamba zote zina uzito mmoja. Hoja ya jirani inakwama mahali pamoja. Ireland na Hispania hazikuwa na Fannie Mae, wala sheria za Bunge la Marekani, na huko pia nyumba zilipanda bei kupita kiasi, benki zikakopesha bila breki, zikaanguka. Kama ugonjwa uko katika nyumba tatu, haitoshi kulaumu kisima cha nyumba moja.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: nani angeweza kusema hapana, na hapana yake ingezuia kiasi gani? Mkopaji wa Florida angesema hapana, ingebaki nyumba moja bila mwenyewe. Mkaguzi wa korja angesema hapana, korja maelfu zisingeuzika. Na yuko mmoja ambaye hapana yake ingefunga bandari nzima. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 iliipa Benki Kuu uwezo wa kuweka masharti ya kukataza mikopo ya nyumba ya kilaghai. Alan Greenspan aliiongoza benki hiyo tangu 1987 hadi 2006, na uwezo ule haukutumika ipasavyo. Kanuni za maana zilitoka Julai 2008, moshi ukiwa umeshatoka paani. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo Greenspan aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akakiri kwamba aliona kasoro katika fikra aliyoishi nayo miaka mingi, kwamba benki zingejilinda zenyewe kwa kulinda faida yao. Sidhani ni mtu mbaya. Nadhani alikuwa na ufunguo na hakufunga.

Nilipomwambia Ami hivyo, alibaki kimya, kisha akasema, "Lakini riba hukuitaja, mwalimu." Ni kweli, sikuitaja, na hoja yake ni nzito kuliko nilivyompa haki usiku ule. Fikihi yetu haikatazi riba peke yake. Inakataza pia kuuza deni kwa deni, na mnyororo mzima wa korja ulikuwa ni deni lililouzwa likauzwa tena, mpaka hakuna aliyejua mdaiwa anaishi wapi. Mwaka huohuo wa 2008 ndio benki mbili za kwanza za Kenya zinazofuata sharia zilipoanza kazi. Ninachokataa ni hatua yake inayofuata: kwamba kwa kuwa riba ni haramu, basi aliyetozwa ndiye mkosaji mkubwa. Dini hiyohiyo inamtaka mdai amngojee mdaiwa aliye katika dhiki.

Sasa barabara. Wamarekani waliumizwa na jambo moja wakatoka mara mbili, kila mara wakinyoosha kidole upande mwingine. Tarehe 19 Februari 2009, mtangazaji wa televisheni Rick Santelli alisimama katika soko la biashara la Chicago akapaza sauti dhidi ya mpango wa serikali wa kuwasaidia walioshindwa kulipa nyumba: kwa nini mimi nimlipie jirani? Kutoka hapo kukakua vuguvugu la Tea Party. Huyo alikuwa Ami, mwaka mmoja na Ami, mwezi mmoja kabla ya barua. Tarehe 17 Septemba 2011, kwa mwito uliotolewa na jarida la Adbusters la Kanada, vijana wakaketi katika bustani ya Zuccotti, hatua chache kutoka Wall Street, mtaa wa mabenki, wakasema wao ni asilimia 99, yaani wote wasio matajiri wakubwa. Huyo alikuwa mwanetu wa chuo kikuu.

Kijana anawapenda watu wale, na alitueleza kwa mapenzi jinsi walivyoendesha mkutano. Vipaza sauti vilihitaji kibali, nao hawakuwa nacho. Basi msemaji alisema maneno machache, walio karibu wakayarudia kwa pamoja, walio nyuma yao wakayarudia tena, mpaka yakafika mwisho wa bustani. Tulijaribu barazani. Kijana alisema, "Benki zimeokolewa," tukarudia watu tisa, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya mahamri akasimama, akaitika naye, akaenda zake.

Tarehe 1 Oktoba watu kama 700 walikamatwa kwenye daraja la Brooklyn. Usiku wa kuamkia 15 Novemba polisi waliwaondoa. Sheria yoyote haikupitishwa kwa jina lao. Benki hazikufunguliwa mashtaka ya jinai ya maana. Baada ya kuanguka kwa vyama vya akiba na mikopo miaka ya 1980, Wamarekani waliwatia hatiani wakubwa wa fedha zaidi ya elfu moja. Safari hii, mtu wa benki kubwa aliyefungwa kwa mambo yaliyohusu msukosuko wenyewe alikuwa mmoja, Kareem Serageldin wa Credit Suisse, miezi 30.

Jirani alisema hiyo ni dalili kwamba hawakuwa na hoja. Mimi nasema hoja walikuwa nayo, walichokosa ni mlango wa kuugonga. Madhara yalikuwa yameshatendeka miaka mitatu kabla, na wenye kuyatenda walikuwa wametawanyika katika mikataba maelfu. Walitafuta mahali ambapo kosa linakaa, wakapata bustani. Nairobi 2024 ilikuwa kinyume. Kulikuwa na karatasi moja yenye vifungu, mwanzoni vikiwamo kodi ya asilimia 16 ya mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya gari, kulikuwa na siku ya kura na kalamu ya mtu mmoja. Vijana walioitwa Gen Z hawakuwa na kiongozi, kama wale wa Zuccotti. Tofauti ni kwamba walijua mlango ulipo na saa ngapi utafunguliwa. Gharama yake nisiipitie kama habari ya kando: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai. Na Ami alikuwa sahihi juu ya deni, kwa sababu Desemba mwaka huohuo sheria nyingine za kodi zikatiwa sahihi zikiwa na baadhi ya mambo yaliyokuwa katika mswada ule.

Palepale mzee mmoja wa pembeni, ambaye hakuwa amesema neno usiku wote, aliuliza, "Siku ile aliyokataa kutia sahihi ilikuwa tarehe ngapi?" Akajibiwa 26 Juni. "Basi ni tarehe yetu," akasema. Na ilikuwa kweli. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu walikuwa wameandamana miaka kadhaa, lakini pia waliikamata leseni ile kifungu kwa kifungu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliamuru wavuvi kama 4,600 walioathiriwa na bandari mpya walipwe shilingi bilioni 1.76. Hawakuishitaki dunia. Waliwashitaki waliotia sahihi.

Usiku wa tatu kijana alimuuliza ami yake swali ambalo nimekaa nalo tangu hapo. "Ami, mwaka ule wa barua, ungetaka kuandamana, ungekwenda wapi?"

Ami akafikiri. "Pwani," akasema. "Ningekwenda pwani nikaipigia kelele bahari. Ningekwenda wapi tena?"

Alipoinuka kwenda kulala aliniachia mfuko wa plastiki. "Isome yote, mwalimu, uniambie. Mimi Kizungu chake kilinishinda."

Niliisoma nyumbani, meza ikiwa na taa moja. Aya ya kwanza ni shukrani. Ya pili ndiyo ile ya uchumi wa dunia. Ya tatu, ambayo sikuwahi kusikia mtu akiisoma, inasema kwamba atalipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi pamoja na siku zake za likizo, na kwamba hayo ndiyo malipo yake yote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inasema mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima ampe taarifa mwezi mmoja kabla yeye mwenyewe au chama chake, na afisa wa kazi pia, na lazima amlipe kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliokamilisha. Haisemi isipokuwa uchumi wa dunia ukiwa mbaya. Ami alikuwa amekamilisha miaka kumi na moja. Mshahara wake ulikuwa shilingi 14,000. Na sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi miaka mitatu ya kudai.

Miaka mitatu tangu Machi 2009 iliisha Machi 2012. Alikuwa na mlango, tena mmoja, wenye anwani pale pale Malindi, mwendo wa dakika kumi kutoka chumba alichokuwa amepanga. Kwa miaka yote ambayo mlango ule ulikuwa wazi, na kumi na miwili baada ya kufungwa, alikuwa amemshika mtu wa Florida asiyemjua. Ile aya ya pili ilifanya kazi yake vizuri sana.

Sikutaka kumwambia. Nilizunguka karibu wiki nzima, nikapita njia ya nyuma nisikutane naye barazani. Ijumaa baada ya sala alinikuta mlangoni mwa msikiti akaniuliza, nami nikamweleza, tukiwa tumesimama kivulini na viatu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza.

"Elfu sabini na saba, Ami."

Akarudia hesabu kwa vidole, siku kumi na tano, mara kumi na moja. Kisha akasema elfu sabini na saba zingemaliza ule ukuta wa nyuma, wakati huo mawe ya matumbawe yalikuwa bado rahisi, na akavaa viatu vyake.